Duka la Mkinga pale Ilomba: nyota nne, ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya daftari

Naona watu wanatoa nyota kwa hoteli, kwa saluni, kwa vijiwe vya mishikaki, ila sijawahi kuona mtu katoa nyota kwa duka la mtaani kwake ambalo anaenda mara tatu kwa siku. Basi mi leo natoa. Duka lenyewe halina jina, limepakwa rangi ya kampuni ya simu na rangi yenyewe imeshababuka, sisi tunaita kwa Mkinga tu. Ukipanda bajaji Kabwe kama unaelekea Uyole, ukashuka Ilomba ukaingia ndani ndani huko kwenye vumbi ukauliza kwa Mkinga utaoneshwa maduka matatu, hili ninalosema ni lile la jirani na mashine ya kusaga, lina benchi nje. Sehemu zingine wanasema kwa Mangi, hapa Mbeya wenye maduka wengi ni watu wa Makete kwa hiyo ni kwa Mkinga, hata akija kuwa Msafwa ataitwa Mkinga.

Nianze na vya kawaida. Anafungua saa 12 asubuhi hata ile baridi ya Julai ambayo ukitoa mkono kwenye kitenge unajuta, anafunga saa 4 usiku, Jumapili anafungua baada ya ibada. Bidhaa anazo, sembe, dona, mchele (anasema wa Kyela, sio wa Kyela, ni wa Mbarali na wala sio mbaya ila asituongopee), maharage, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche ambayo anakukatia, vocha, viberiti, dawa ya mbu, daftari za shule. Anafunga vitu kwenye gazeti tangu ile mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mi nimesoma habari nyingi sana kwenye karatasi za sukari za Mkinga. Kauli nzuri, haangalii umevaa nini. Mtoto ukimtuma harudi na chenji pungufu, na hilo kwangu ni kubwa kuliko usafi wa sakafu, sakafu yenyewe ni udongo.

Mapungufu nayo yapo. Mzani wake umeinama, sisemi anaiba, nasema umeinama. Mafuta ya taa anayaweka karibu na chumvi. Ukimpa noti ya msimbazi, ile ya elfu kumi, asubuhi anakuangalia kama umemtukana, kwa hiyo nenda na chenji. Kulipa kwa simu anakubali ila makato juu yako, na ile 2021 ilipoanza tozo ya miamala mwezi wa saba ndo alikataa kabisa akasema bora nimletee hata sarafu.

Afu kuna hili la kupima. Hapa ndo napenda kukaa kidogo maana watu wenye hela zao hawalijui. Mwaka 2020 mafuta ya kula alikuwa anapima kwa kile kikombe kidogo cha kahawa, jero, yaani mia tano. Siku moja sina kazi (nitasema kwa nini sikuwa na kazi) nikachukua kile kikombe nikapima kwenye chupa ya lita, vikombe kumi. Yaani anayenunua kwa jero kila siku analipa 5,000 kwa lita moja, na anayenunua dumu mjini alikuwa anaipata kama kwa 3,500. Sembe hivyo hivyo, nusu kilo 600, kilo 1,100, mfuko wa kilo 25 elfu ishirini na mbili, piga hesabu mwenyewe uone nani anakula unga wa bei rahisi. Sio yule wa nusu kilo. Nilimwambia Mkinga akacheka, akasema madamu mimi nikikuuzia kwa bei ya dumu hicho kikombe nitakioshea nini. Ana haki yake, na hela ya kununua dumu hata angenipa bei ya kiwandani nisingekuwa nayo. Ila ndo ujue mtu asiye na hela anavyolipa zaidi kwa kitu kile kile, na pale kwa Mkinga utaliona hilo kila siku saa 12 jioni kwenye foleni ya jero jero.

Sasa daftari.

Mimi ni mwalimu, nilikuwa nafundisha darasa la kwanza kwenye shule moja ya binafsi ya ingilishi midiamu, jina naliacha. Machi 16, 2020 wakatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule zote, wakasema siku 30. Tukaagana na watoto kama tunaenda likizo. Shule ya binafsi inaishi kwa ada, mzazi ambaye mtoto yuko nyumbani halipi ada, mwenye shule akatuita akasema walimu wangu vumilieni, ya mwezi wa tatu tutapata nusu na ya wa nne tutaangalia. Ya wa nne hatukuiangalia mpaka leo. Shule zilifunguliwa Juni 29, ukihesabu ni miezi mitatu na ushee bila mshahara, na sio kwamba ilipofunguliwa wakatulipa ya nyuma.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Dar, Tunduma, Zambia, wakati mwingine mpaka Kongo. Tulisema sawa, yeye si anatembea. Dereva wa lori hela yake ni ya tripu, gari isipotembea hakuna kitu. Mwezi wa tano Zambia wakafunga mpaka wao wa Nakonde kwa sababu wagonjwa walikuwa wameongezeka pale, wakafungua baada ya siku chache lakini ikawa vipimo, foleni, malori yamejipanga Tunduma huko mpaka unachoka kuhesabu. Yeye alikaa kwenye foleni anakula posho ambayo ndo ilikuwa ije nyumbani. Ananipigia ananiambia huku maji ya kunywa wanauza bei ya soda, mi namwambia na huku sukari imefika buku nne. Maana na sukari nayo ilichagua wakati, mwezi wa nne na wa tano ile, katikati ya mfungo wa Ramadhani, ikaadimika, serikali ikatoa bei elekezi, na Mkinga alipoulizwa kuhusu bei elekezi akasema hiyo sukari elekezi nileteeni niiuze.

Watu wa nje wakisikia Tanzania hatukufungiwa wanadhani tulipeta. Ni kweli hatukufungiwa ndani kama Uganda au Afrika Kusini, soko la Mwanjelwa lilikuwa wazi, Uyole viazi vimejaa kwenye magunia yamefungwa lumbesa kama kawaida, ndizi zinashuka kutoka Tukuyu. Chakula kilikuwepo, hela ndo haikuwepo. Ukiacha sukari, kitu pekee kilichopanda bei na watu wakanunua ni limao na tangawizi kwa ajili ya nyungu ya kujifukiza, mkaratusi tulikata bure kwa jirani.

Nilienda kwa Mkinga mwanzoni mwa mwezi wa nne nikasimama pale mpaka watu waliisha. Ukutani ana bango lake, KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, liko hapo tangu tuhamie. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, nikaanza kuzunguka zunguka, mara mvua, mara watoto. Akaniangalia akasema madamu we sema unataka nini. Nikasema sembe kilo mbili, maharage kilo, mafuta, sabuni, nitakulipa tukifungua shule. Akainama chini ya bango lake mwenyewe akatoa kaunta buku, akaandika juu ya ukurasa mpya MADAMU, hakuuliza shule inafunguliwa lini. Nilirudi nyumbani karibu nilie, sio kwa shida, kwa ile heshima. Daftari lile lilitulisha kuanzia Aprili mpaka Agosti, na halikuwa na riba. Nimeangalia kila mstari, bei aliyoandika ni ile ile ya wenye hela taslimu. Hiyo ndo nyota yake ya kwanza mpaka ya nne, nampa zote nne hapo hapo.

Ila.

Kwenye geti la shule yetu kulikuwa na mama anauza maandazi, ubuyu na karanga, asubuhi na saa nne mapumziko. Ni mpangaji nyumba ya tatu kutoka kwangu, mjane, watoto watatu, ametokea Rungwe. Mama mchapakazi, akikuuzia andazi anakuongezea kipande anasema ndaga, asante ya kwao. Shule ilipofungwa yeye alifunga siku ile ile, biashara yake haina likizo ya nusu mshahara. Ule unga wa ngano aliokuwa nao walikaanga wakala wenyewe, mafuta wakala, na ile hela ya kununulia unga mwingine wakaila. Wiki mbili. Kula mtaji hivyo, kama hujawahi, ndo mwanzo wa kushuka ngazi ambazo kuzipanda tena ni miaka. Mtoto wake mkubwa akaanza kuzunguka na beseni la ndizi za watu, anapewa kamisheni, na wakati huo huo watoto wa wazazi wetu wa kule Forest walikuwa wanafundishwa kwa simu, mimi mwenyewe mzazi mmoja alinilipa 20,000 nimtumie mwanae masomo kwa Watsapu. Mtoto wa mama wa maandazi alikuwa nje ya dirisha langu na beseni wakati narekodi. Nyumbani kwao hakukuwa na simu janja, kulikuwa na kitochi, na redio ambayo betri zake zinauzwa kwa Mkinga.

Nikaja kugundua wanapika saa tisa alasiri. Nilidhani ni utaratibu wao, kumbe ni hesabu. Ukipika saa tisa, ni chakula cha mchana na ni chakula cha usiku, watoto wanalala kabla njaa haijarudi. Asubuhi uji wa chumvi. Nilivyoelewa na mimi nikaanza, sitaongopa, mwezi wa sita na kwangu tulikuwa tunapika saa tisa.

Sasa yule mama naye akaenda kwa Mkinga. Mimi nilikuwepo, nimekaa benchi. Akaomba sembe kilo moja na mafuta ya jero akasema atalipa shule ikifunguliwa. Mkinga akamwambia, kwa upole tu, hakumtukana, mama shule imefungwa, utatoa wapi? Akamwonesha bango.

Mimi shule yangu ndo hiyo hiyo! Geti ni lile lile, kufuli ni lile lile, aliyelifunga kalifunga siku moja kwa wote wawili. Mshahara wangu ulikuwa hewa na maandazi yake yalikuwa hewa. Ila mimi naitwa madamu, nina mume mwenye lori (la tajiri, sio lake, ila lori), nyumba tumejenga wenyewe hata kama ni vyumba viwili havijapigwa lipu, siwezi kuhama usiku. Yeye ni mpangaji, mjane, ndoo na beseni anabeba kichwani anapotea. Mkinga hakupima njaa, alipima nani hatakimbia. Kibiashara ukimuuliza atakwambia na utamwelewa, na yeye anakopa kwa wa jumla pale Mwanjelwa, na yeye ana daftari lake anakoandikwa. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyekuwa na kidogo alipata mkopo bila riba na asiye na kitu akaambiwa alete hela, na hiyo hela akiipata ya jero jero anapimiwa kile kikombe. Nyota ya tano ilikufa pale, mbele ya macho yangu, nimekaa benchi na mfuko wangu wa khaki umejaa.

Nilichofanya ni kwamba nilimwambia Mkinga aandike kwangu. Akasita akasema madamu utashindwa, nikasema andika. Basi kuanzia siku ile ukurasa wangu ukawa unakula nyumba mbili. Yule mama hakufurahi, nieleweke, alikubali tu kwa sababu ya watoto, na kila alichochukua alikiweka alama kwa mkaa nyuma ya mlango wake. Nilikuja kuziona baadaye, mistari mistari, alikuwa anahesabu nusu kilo na nusu kilo.

Shule tukafungua Juni 29, Jumatatu. Jumatano yake, Julai 1, Benki ya Dunia ikatangaza Tanzania tumeingia uchumi wa kati. Mimi nimeisoma siku kadhaa baadaye kwenye karatasi iliyofungia maharage, maharage ya mkopo, nikamsomea Mkinga kwa sauti, tulicheka mpaka mteja mwingine akadhani tumechanganyikiwa. Sisemi takwimu ni za uongo, wastani ni wastani, unachukua kuku wawili wa jirani yako na sifuri yangu unasema kila mtu ana kuku mmoja.

Deni lilifika 187,400. Hapo ndo nikafanya ujinga ambao nataka niuseme kwa sababu nalinganisha huduma na huduma. Nikaona aibu kumwangalia Mkinga, nikapakua programu moja ya mikopo ya kwenye simu, jina siliweki. Niliomba elfu hamsini, ikaingia thelathini na tano, wakasema zingine ni gharama, baada ya siku saba nilipe sitini. Siku ya nane asubuhi mama mkwe wangu akapigiwa simu na binti asiyemjua anaambiwa mkweo ni tapeli. Mwalimu mkuu akatumiwa meseji. Fundi cherehani wangu akatumiwa meseji! Wanaita kausha damu na jina hilo hawakukosea. Benki Kuu ilikuja kutoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024, wengine tulishakaushwa zamani. Daftari la Mkinga na ubaya wake wote halijawahi kumpigia mama mkwe wangu, kurasa zake zinakaa chini ya kaunta na akija mtu anazifunika kwa kiwiko.

Nilimaliza kumlipa Mkinga Februari 2021. Wengi hawakumaliza, na mambo hayakuishia na korona kwisha kwisha. 2021 mahindi yaliporomoka bei, kaka yangu kule Mbozi aliuza debe kwa bei ya kuona haya, afu msimu ulipoanza mbolea ikawa imepanda kupita laki kwa mfuko, akaweka nusu ya mbolea, akavuna nusu ya mahindi. Mafuta ya kula yakapanda, ile vita ya Ukraine 2022 ikaja juu yake, petroli ikapita elfu tatu, kile kikombe cha kahawa cha jero kikawa cha buku. Mbolea ya ruzuku ilizinduliwa hapa hapa kwetu, Nanenane 2022 viwanja vya John Mwakangale, mfuko wa DAP au urea ukawa 70,000, ilisaidia, siwezi kukataa. Lakini wale waliokuwa wameshakula mtaji 2020, ruzuku ya mbolea inamkuta hana shamba wala andazi.

Na kuna kitu kinaniuma kama mwalimu. Nyanda za juu kusini ndo tunalisha nchi, viazi sisi, mahindi sisi, parachichi, maziwa, maharage. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ukatoa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, Iringa karibu 57 katika kila 100, Njombe 50, wakati nchi nzima ni 30. Wenzetu kabisa hao, tunapakana. Watu wanasema ni elimu ya lishe, sawa, kuna hilo, mama yuko shambani siku nzima, mtoto anapewa uji mtupu. Ila mi nikisikia uji mtupu namkumbuka yule mama na saa tisa yake, elimu ya lishe alikuwa nayo kuliko mimi, alijua kabisa yai ni nini. Yai kwa Mkinga lilikuwa mia tatu.

Turudi dukani, maana hii ni rivyuu. Sasa hivi duka limeboreka. Ameweka friji, ana tochi za sola, mzani ni mpya wa betri (haujainama, nakiri), dirisha la nondo limepakwa rangi, kijana wake anakaa jioni na huyo mwangalieni kwenye chenji. Mafuta ya taa bado yako karibu na chumvi. Mchele bado ni wa Kyela. Bango lipo pale pale, limeongezewa na lingine, MKOPO AMESAFIRI, lakini kaunta buku nimeiona kwa macho yangu ni mpya, kwaya tatu, na ina kurasa nyingi zimejaa kuliko ile ya korona, kwa hiyo msidanganywe na bango, ukiwa na jina mtaani utaandikwa. Mgeni usijisumbue.

Yule mama wa maandazi amerudi getini, ilimchukua karibu miaka miwili, alianza na karanga za kupima kwa kizibo mpaka akarudi kwenye unga wa ngano. Ni mteja mkubwa wa Mkinga sasa, ananunua unga kiroba kizima kwa hela taslimu. Disemba iliyopita mvua zilimkatia biashara wiki nzima, nikiwa pale pale kwenye benchi Mkinga mwenyewe akamwambia mama chukua tu kiroba, nakuandika, utaleta. Akafungua kabisa na kaunta buku akatafuta ukurasa mtupu.

Mama akamwangalia, akabeba beseni lake, akasema usipoteze karatasi baba, andika tu kwa madamu, si ndo panapojulikana.